FS-52 iliyokaa sandukuni miaka 2: kutu, plagi na oili ya pikipiki

Swali: "Niko Kigamboni, Dar es Salaam. Nimeuziwa injini ya O.S. FS-52 Surpass ya mipigo minne iliyotumika. Nataka kuifunga kwenye ndege ya modeli ya rimoti, ya kujifunzia, yenye bawa la juu, mita 1.6 ncha hadi ncha, uzito kama kilo 2.6, iliyoundwa kwa injini ya mipigo miwili ya 40 hadi 46 (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa sehemu za mia za inchi ya ujazo). Injini imekaa sandukuni kama miaka 2. Propela inazunguka kwa ugumu na ndani kuna mkwaruzo. Nimejaribu kuiwasha: inashika, ila nikitoa betri ya plagi inazima. Nikifungua throtli ghafla inakohoa, inatoa moshi mwingi, inakufa. Plagi niliyotumia ni ya injini yangu ya mipigo miwili. Chini kuna kibomba kinatoa mafuta meusi. Fundi wa pikipiki ameniambia niweke oili namba 40 kwenye krenkikesi na niseti tapeti kama za boda. Wenzangu wanasema mipigo minne haina nguvu, niiuze ninunue ya mipigo miwili. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usiweke oili namba 40 popote kwenye injini hiyo, na usiiwashe tena kabla ya kujua hali ya beringi. Mengine yanaweza kusubiri, hayo mawili hayasubiri.

Fundi wako hajakudanganya, amezungumzia injini anayoijua. Pikipiki ina sampo, ina oili inayokaa humo na kuzungushwa. FS-52 haina sampo wala pampu. Oili yake yote huja ndani ya mafuta yake, ambayo ni methanoli, oili na mara nyingi nitromethani kidogo: katika kila lita unayotia tangini, asilimia 18 hadi 20 ni oili. Nyingi hutoka kwenye ekzosi, na kiasi kidogo hupenya pembeni mwa ringi ya pistoni, hushuka kwenye krenkikesi na kulainisha beringi za krenki, konrodi na gia ya kemshafti. Inayozidi hutoka kwa kile kibomba cha chini. Kwa hiyo mafuta meusi uliyoyaona ni jambo la kawaida kabisa, na kibomba hicho usikizibe. Ukikiziba, presha itasukuma oili itokee mbele, kwenye beringi ya upande wa propela. Kiunganishie mrija mfupi unaotoa uchafu nje ya ndege. Jambo la kuangalia ni rangi. Nyeusi au kahawia haina neno. Ikiwa na wekundu wa kutu, beringi zinakuaga.

Na hapo ndipo penye ugonjwa halisi wa injini hizi. Watu huogopa valvu, kumbe valvu hazisumbui sana. Kinachoua mipigo minne, hasa ukanda wa pwani, ni kutu ya beringi. Kwenye mipigo miwili, mchanganyiko mbichi wa mafuta na oili hupitia krenkikesi kwanza ndipo upande kwenye silinda, hivyo kila mzunguko beringi zinaoshwa kwa oili mpya. Kwenye mipigo minne mchanganyiko huingia moja kwa moja kichwani kupitia valvu. Krenkikesi haipati kitu kibichi. Inapata masalia ya mlipuko, yaani oili iliyokwisha kuungua, mvuke wa maji na asidi kidogo. Methanoli ikiungua hutoa maji, ikiungua nusu huacha asidi, na nitromethani huongeza asidi nyingine. Juu ya hayo, methanoli yenyewe hunyonya unyevu wa hewani. Zima injini jioni, iweke sandukuni Kigamboni bila kuihudumia, na chuma cha beringi ya nyuma kitaanza kushika kutu. Miaka 2 ni mingi sana.

Ugumu na mkwaruzo ni vitu viwili tofauti, na inabidi uvitenganishe. Ugumu wa kunata, ule unaolegea ukizungusha polepole, kwa kawaida ni mafuta ya nyonyo yaliyokauka na kuwa kama gundi kwenye pistoni na miguu ya valvu. Huo unatibika nyumbani. Toa plagi. Pasha silinda na krenkikesi kwa kikaushio cha nywele mpaka usiweze kuzishika kwa mkono mtupu, dondoshea ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki, maduka yote ya vipuri vya magari wanayo) kupitia tundu la plagi na kibomba cha chini, subiri saa moja, kisha itikise propela mbele na nyuma kidogo kidogo. Usiishike kwa koleo wala kuilazimisha kwa starta ya umeme. Valvu ikiwa imenata na wewe ukalazimisha krenki, kijiti kinachosukuma tapeti kitapinda, na kijiti cha FS-52 hutakipata dukani Kariakoo.

Mkwaruzo ni habari nyingine. Injini ikishalegea, ikiwa plagi bado iko nje, zungusha propela taratibu huku umeweka kidole kwenye krenkikesi upande wa nyuma. Ikienda laini, beringi ni nzima. Ukisikia chembechembe kama za mchanga zikisagika chini ya kidole, beringi ya nyuma imeshika kutu, na hakuna oili itakayoirudisha. Usiirushe ikiwa hivyo. Vipande vya kutu na vya kikapu cha beringi vikichomoka vitaingia kwenye gia na kwenye silinda, na gharama itatoka kwenye beringi moja hadi injini nzima.

Kubadili beringi kunawezekana kwa mtu mwenye utulivu. Krenkikesi tupu hupashwa kwenye oveni hadi nyuzi 120 au 150 za Selsiasi. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, na beringi huanguka kwa kugonga kidogo kwenye ubao. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake. Ikiwa imefutika, pima kwa kalipa kipenyo cha ndani, cha nje na unene, uende navyo duka la beringi. Ugumu uko kwenye kemshafti. Hii huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, na gia yake ina alama ambayo lazima ikae mahali pake pistoni ikiwa juu kabisa. Ukikosea jino moja tu, injini itakuwa ngumu kuwasha, itapiga chafya kupitia kabureta na haitakuwa na nguvu. Piga picha kabla ya kutoa kitu chochote, tafuta mwongozo wa FS-52 wenyewe, usitumie wa injini nyingine. Na muulize aliyekuuzia kama iliwahi kufunguliwa, kwa sababu kama alikosea jino hilo, yote nitakayosema hapa chini kuhusu kabureta hayatakusaidia.

Sasa kuhusu kuzima ukitoa betri. Hapa mshukiwa wa kwanza ni plagi. Gloplagi haina umeme ikishawaka. Waya wake wa platini unabaki mwekundu kwa sababu ya joto la mlipuko na kwa sababu methanoli humenyuka inapogusa platini. Kwenye mipigo miwili kuna mlipuko kila mzunguko. Kwenye mipigo minne ni mmoja kila mizunguko miwili, na katikati yake unapita mchanganyiko baridi unaoupoza waya huo. Plagi ya mipigo miwili mara nyingi haiwezi kutunza joto kipindi hicho chote, hasa kwenye sailensa, yaani mwendo wa chini kabisa throtli ikiwa imefungwa. Tia plagi ya O.S. aina ya F au nyingine iliyoandikwa ni ya mipigo minne. Iwashe kwa seli moja ya volti 1.2 hadi 1.5, seli ya lithiamu ya volti 3.7 itaikata papo hapo.

Ikiwa plagi sahihi bado haisaidii, mafuta yako yameingia maji au mchanganyiko una mafuta mengi mno. Na kule kukohoa kwa moshi mwingi ukifungua throtli kunanipeleka huko huko. Kuna namna mbili za injini kufa ukifungua ghafla. Ikikatika kimya, kama swichi imezimwa, mafuta ni haba kwenye mwendo wa chini. Ikisita, ikakohoa na kutema moshi mweupe, mafuta ni mengi. Yako ni ya pili.

Seti sindano kubwa kwanza, daima, ile inayopima mafuta throtli ikiwa wazi yote. Injini ikiwa imepata moto, fungua throtli yote, kaza sindano taratibu, mlio mmoja mmoja, mpaka mwendo uache kupanda, kisha ifungue mpaka mwendo ushuke kwa mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika. Kipima mwendo cha bei rahisi kinatosha. Usiiache kwenye kilele. Mipigo minne yenye mafuta haba hulipuka kabla ya wakati, krenki inapigwa teke kinyume, na nati ya propela inalegea. Propela hurushwa mbele ikiwa inazunguka. Ndiyo maana injini hizi hufungwa kwa nati mbili, ya pili ikiibana ya kwanza. Kama yako imekuja na moja, usiiwashe mpaka upate ya pili. Baada ya hapo mwenzako aishike ndege imara na kuinua pua juu kwa sekunde 10. Mwendo ukianza kushuka na kulegea, ongeza mafuta kidogo.

Sindano ya sailensa inafuata. Iache injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa sekunde 10, kisha bana mrija wa mafuta karibu na kabureta. Ikipanda kidogo na kuzima baada ya sekunde 2 au 3, iko sawa. Ikipanda sana na kuendelea kunguruma kabla ya kuzima, punguza mafuta. Ikizima hapo hapo, ongeza. Zungusha sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, si zaidi. Angalizo: kabureta zenye tundu la hewa badala ya sindano ya pili huenda kinyume, ukikaza skrubu mafuta yanaongezeka. Jua yako ni ya aina gani kabla ya kugusa.

Kuna sababu nyingine ya mafuta kuwa mengi ambayo watu huikosa wanapohamisha mipigo minne kwenye ndege ya mipigo miwili. Kabureta ya mipigo minne hukaa nyuma, chini zaidi. Tangi lililowekwa kwa ajili ya mipigo miwili linakuwa juu yake, na mafuta yanatiririka yenyewe hata injini imezimwa. Mstari wa katikati wa tangi uwe sawa na sindano au chini yake kwa milimita chache, hadi 10. Ikibidi, kata kiunzi cha ndani uliteremshe. Na ukikuta propela imegoma kabisa baada ya ndege kukaa na tangi lililojaa, silinda imejaa mafuta. Toa plagi yamwagike. Starta ya umeme hapo hupinda konrodi.

Tapeti, basi. Boda ina vipimo vyake, sahau hivyo. Nafasi ya FS-52 ni milimita 0.04 hadi 0.10, injini ikiwa baridi kabisa. Ni ndogo kwa sababu silinda ya aluminiamu hurefuka kuliko vijiti vya chuma, kwa hiyo injini ikipata moto nafasi inaongezeka yenyewe. Ikiwa haipo kabisa, valvu haifungi, kompresheni inavuja na ukingo wa valvu unaungua. Ikizidi, utasikia kelele za tapeti na valvu itafunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, nguvu inapungua. Fungua kifuniko cha juu, zungusha propela mpaka usikie kompresheni inakaza, endelea kidogo mpaka pistoni iwe juu. Hapo valvu zote mbili zimefungwa. Ingiza fila geji ya 0.04: ipite. Ingiza ya 0.10: isipite. Kama ndivyo, funga kifuniko uondoke, usitafute cha kurekebisha. Kama sivyo, legeza nati ndogo, geuza skrubu, ishike isisogee wakati unakaza nati, kisha pima tena kwa sababu kukaza huibadilisha. Pima baada ya saa ya kwanza ya kuruka, halafu kila baada ya saa kadhaa.

Mafuta yanahitaji maneno machache makali. Oili ya petroli ya mipigo miwili inayouzwa kwenye vituo vya mafuta haichanganyiki na methanoli. Ukiyatikisa yataonekana yamechanganyika, ukiyaacha yatajitenga, na injini itavuta methanoli tupu isiyo na oili. Pistoni itakwaruza silinda ndani ya dakika chache. Spiriti ya buluu si badala ya methanoli. Kama huwezi kuagiza mafuta yaliyo tayari, mchanganyiko wa mililita 800 za methanoli safi na 200 za mafuta ya nyonyo yaliyosafishwa, yasiyo na manukato wala dawa, huendesha injini hizi. Ya nywele hayafai. Nyonyo tupu hulinda vizuri injini ikipata moto kupita kiasi, ila huacha ile gundi. Bora zaidi ni oili ya sintetiki ya mafuta ya gloplagi asilimia 15 na nyonyo asilimia 5. Nitromethani ya asilimia 5 hadi 10 huleta sailensa tulivu. Kwa hewa ya Dar sioni sababu ya kwenda 15, maana unanunua kutu. Chupa ifungwe vizuri, isikae wazi hata wakati wa kujaza.

Kuhusu nguvu, wenzako wanalinganisha namba kwa namba, na hapo wana haki: 52 ya mipigo minne haifikii 52 ya mipigo miwili, kwa kuwa inalipuka nusu ya mara. Lakini haifungwi propela ile ile. Mipigo miwili ya 46 huzungusha propela ya inchi 10 au 11 kwa mizunguko 12,000 au zaidi kwa dakika. FS-52 hupewa 11x7 au 12x6 (inchi za kipenyo, kisha inchi za kusonga mbele kwa mzunguko mmoja) na kuizungusha kwa 9,000 hadi 10,000, ikivuta hewa nyingi kwa mwendo wa polepole. Ndege ya kilo 2.6 yenye bawa la juu haihitaji mbio. Itapaa vizuri, itakula mafuta machache na kelele zake majirani watazivumilia. Hakikisha tu ncha ya propela ya inchi 12 inabaki sentimita 3 juu ya ardhi, maana nyasi za viwanja vyetu si fupi. Kwa msomaji aliye Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hesabu inabadilika: hewa nyepesi hupunguza karibu asilimia 17 ya nguvu, kwa hiyo ndege hii hii ningeifungia 62 au 72, na sindano ingekazwa kidogo kuliko ya pwani.

Je, uiuze? Kwa anayeanza kabisa, mipigo miwili ni rahisi zaidi, na ya umeme ni rahisi kuliko zote. Ndege ikiangukia pua, kifuniko cha tapeti na vijiti vya mipigo minne ndivyo vinavyotangulia kuvunjika, na FS-52 ni ya kizazi cha zamani ambacho vipuri vyake vinatafutwa. Ukikuta beringi ni nzima, ibaki nayo. Beringi zikiwa mbovu lakini silinda haina mikwaruzo, bado inafaa kutengenezwa. Silinda ikiwa na michirizi unayoihisi kwa ukucha, au kompresheni ikipotea mara moja hata baada ya kudondoshea oili, iuze kama vipuri na umwambie mnunuzi ukweli.

Ukiibakiza, kazi ya kila jioni ni hii. Usizime kwa kufunga throtli. Chomoa mrija wa mafuta, iache iunguze yaliyobaki mpaka izime yenyewe, kisha izungushe tena na betri ya plagi mpaka isishike kabisa. Toa plagi, dondoshea matone 10 hadi 15 ya ATF au oili ya zana za upepo ndani ya silinda, na mililita 1 au 2 kupitia kibomba cha chini. Geuza ndege juu chini, isimamishe kwa pua, kisha kwa mkia, huku ukizungusha propela kwa mkono mara 20, ili oili ifike kwenye beringi zote. Usiipitishe oili hiyo kwenye mirija ya silikoni, huivimbisha. Mwisho iache pistoni juu, kwenye kompresheni, ili valvu zifungwe na hewa ya bahari isiingie. Ni dakika 5. Usipozitoa hizo, usinunue mipigo minne ukiishi pwani.

Mambo mawili usiyafanye peke yako. Kufungua kemshafti kama hujawahi kuseti taimingi: mpelekee mtu aliyewahi kufungua injini za modeli, au fundi mzuri wa pikipiki ukimwonyesha mwongozo, kwani taimingi anaijua hata kama oili ya modeli haijui. Mruko wa kwanza: pata rubani mzoefu aikague ndege na aishike rimoti akiwa kando yako. Na methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua hata kwa kiasi kidogo. Haina rangi, na moto wake hauonekani juani. Iweke kwenye chombo chenye maandishi, kamwe si chupa ya maji ya kunywa. Mtu akiinywa, hasa mtoto, usisubiri dalili zitokee kwa sababu huchelewa saa nyingi. Nenda hospitali hapo hapo, uwaambie ni methanoli na uende na chombo chenyewe.